Baiskeli ya Kimo cha Sharifa

Sharifa binti Nassoro hakuwa mtu wa kutulia. Katika kibanda cha kubangulia korosho pale Rahaleo, Mtwara, wenzake walikaa mkekani tangu saa moja asubuhi mpaka adhuhuri, miguu wameinyoosha, kila mmoja na jiwe lake na kigongo chake, wakipasua maganda bila kuinua macho. Yeye alibangua kumi, akasimama. Akabangua nyingine kumi, akaenda mlangoni kutazama barabara. Akirudi alikalia ukingo wa mkeka kama mgeni aliyekuja kuaga.

"Sharifa, unamngoja nani?" walimwuliza.

"Simngoji mtu."

"Basi kaa, unatutilia vumbi kwenye korosho."

Wote walijua anachongoja. Alikuwa akingoja lori la samaki la kutoka Msimbati, kijijini kwao, ili dereva amwambie mama yake ameamkaje. Lori lile halikuwa na siku maalumu. Lilikuja samaki wakipatikana na tairi zikikubali, na safari nyingine dereva alipita Rahaleo bila kusimama, akapunga mkono tu dirishani. Sharifa alibaki akijiuliza mkono ule ulikuwa wa salamu au wa pole.

Hofu hiyo ilikuwa na mwaka wake. Mwaka 1999, siku ya Ijumaa, baba yake Mzee Nassoro alifariki alfajiri huko Msimbati. Habari zilifika Rahaleo saa tatu. Sharifa alichukua kanga mbili na mkoba, akaenda kusimama barabarani. Alisimama mpaka jua likazama, gari hakuna. Akapata la Jumamosi, akafika kwao adhuhuri, na baba yake alikuwa amezikwa tangu jana yake baada ya sala ya alasiri. Maiti wa Kiislamu hawekwi kungoja watu, na Sharifa mwenyewe hakutaka iwe vinginevyo. Dini haikumkosea. Gari ndilo halikuwepo. Lakini uso wa baba yake hakuuona, na kwa kuwa wanawake hawaendi kuzika, hata sauti ya mchanga ukifukiwa hakuisikia. Alikuta mikeka imetandikwa na watu wanakula wali.

Katika matanga hayo mama yake, Bi Mwanahamisi, alimwita chumbani akamwambia, "Mimi utaniosha wewe. Nina binti mmoja. Sitaki mikono ya watu wengine, na yako ipo."

"Inshallah, mama."

"Inshallah ni ya Mungu. Wewe niambie la kwako."

"Nitakuosha."

Tangu siku ile alikuwa na ahadi, na kati yake na ahadi kulikuwa na zaidi ya kilomita arobaini za barabara.

Mwaka 2003 miguu ya Bi Mwanahamisi ilianza kuvimba, akawa anapumua kwa taabu akitoka kisimani. Kaka yake Sharifa, Hamisi, aliishi palepale, lakini Hamisi alikuwa mtu wa bahari, na mwanaume hamwoshi mama yake. Jafari, mumewe Sharifa, kibarua wa bandarini, aliwahi kuazima baiskeli akampakia mkewe kwenye keria mpaka Msimbati. Walifika. Jafari alilala siku tatu kwa maumivu ya mgongo, na bandarini zamu zake akapewa mtu mwingine.

"Mama Zawadi," alisema akiwa amelala kifudifudi, Sharifa akimchua kwa mafuta ya nazi, "wewe mfupi, lakini mfupi mzito."

"Nitakwenda mwenyewe," alisema Sharifa.

"Na nini?"

"Na baiskeli yangu."

Jafari alicheka ndani ya mto. Halafu akahisi mikono ya mkewe imesimama mgongoni mwake, akaacha kucheka.

Kuendesha alijua. Utotoni, kama watoto wote wa Msimbati, alijifunza kwa baiskeli ya baba yake, mguu mmoja ameupitisha chini ya bomba, mwili wote umening'inia upande kama nguo iliyoanikwa. Ila mtu mzima mwenye mume na mtoto haendeshi hivyo. Na ufupi wake haukuwa wa kusema atakua. Akisimama karibu na Jafari kichwa chake kiliishia kwapani. Sokoni wauza vitambaa walimwita Kipande.

Akaazima baiskeli ya kike kwa mwalimu mmoja wa Shangani, ile kubwa ya gurudumu la inchi ishirini na nane, bomba lake limeinama ili gauni lipite. Alikwenda nayo Mikindani na kurudi. Kiti kilishushwa mpaka mwisho na bado miguu haikuifikia pedeli ikiwa chini. Kila mzunguko ilibidi nyonga iteremke kushoto, iteremke kulia. Aliporudi alikuwa amechubuka, akakaa upande siku nne. Pale kibandani wenzake walifurahi kwamba angalau amekaa.

Ndipo akaenda kwa Mathayo.

Mathayo alikuwa fundi baiskeli mwenye banda lake la mabati karibu na soko. Alikuja Mtwara kutoka Songea akiwa kijana, akaoa Magreth wa hukohuko kwao, wakajenga chumba nyuma ya banda. Kila baada ya miezi miwili mitatu alipanda basi kwenda Dar es Salaam kuchagua baiskeli za mtumba zilizoteremshwa na meli, akazileta juu ya basi zimefungwa kamba kama mbuzi. Watu walimwamini kwa sababu alikuwa mgumu kuuza. Mtu akishika baiskeli isiyomfaa, Mathayo alimnyang'anya.

Alimsikiliza Sharifa mpaka mwisho, akitazama barabara na si uso wake.

"Unataka ya kwenda mbali," alisema. "Basi hizi kubwa siyo. Zimetengenezwa kubeba magunia. Nitakutafutia ya resi."

"Ile ya usukani uliojikunja?"

"Hiyohiyo. Nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja. Inakwenda, mama, unadhani kuna mtu anakusukuma."

"Na mchanga wa Msimbati? Tairi nyembamba zile zitazama."

"Mchanga utashuka usukume. Hata hiyo kubwa utasukuma, tena hiyo itakuua. Mpaka Madimba ardhi ni ngumu. Nitakuwekea tairi nene kidogo." Akajikuna shingo kwa bisibisi. "Shida ni kimo. Watu wakichagua wanatazama gurudumu. Mimi natazama bomba la juu. Ukisimama juu yake nyayo zote mbili zikanyage ardhi, na kati yako na chuma pabaki nafasi ya vidole viwili. Siku utakaposimama ghafla ndiyo utajua kwa nini. Halafu usukani uwe karibu. Mwenye mkono mfupi akiuinamia usukani wa mbali, mgongo unakatika kabla hajaona mnazi wa kwao. Sasa, kipimo." Alitazama mikono yake iliyojaa grisi, akatazama baibui la Sharifa, akakohoa. "Kipimo chenyewe ni cha mguu. Kwa ndani. Kuanzia chini mpaka juu."

"Juu wapi?"

"Juu kabisa." Akageuka haraka. "Magreth! Njoo umpime mama hapa."

Magreth alitoka na mikono ya unga, akanawa, akamwingiza Sharifa chumbani nyuma ya pazia. Akamsimamisha peku ukutani, akampa kibao cha kukatia mboga akibane kati ya mapaja, halafu akapiga magoti na kuanza kupima kwa shubiri kutoka sakafuni. Alikuwa mwanamke mdogo mdogo naye, mcheshi, mwenye vidole vifupi vya duara.

"Usicheke, unashuka," alimwambia Sharifa. Kisha akapaza sauti: "Tatu na vidole vinne!"

"Tatu na nne," aliitikia Mathayo huko nje, akaandika kwa chaki kwenye bati.

"Mkono, kwapa mpaka ngumi, mbili na nusu, kasoro kidole!"

Mteja mmoja aliyekuwa akijaziwa upepo aliuliza, "Mnashona gauni?"

"Fremu," alisema Mathayo.

Mathayo akaondoka kwenda Dar wiki iliyofuata. Sharifa alingoja. Alipita bandani asubuhi akienda kazini na adhuhuri akirudi, ingawa alijua fundi hayupo. Alikwenda kutazama tu yale maandishi ya chaki. Akiswali, alipomaliza tahiyatu alijikuta tayari amesimama, hajaomba dua, akakaa tena kwa aibu, akaomba. Dua yake ilikuwa moja. Hakumwomba Mungu amponye mama, maana mama mwenyewe alikuwa amemkataza kumwombea uzee uondoke. Alimwomba awahi.

Baiskeli ilifika siku ya kumi na tisa. Ilikuwa ya bluu, inang'aa, na usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Watu walisimama kuitazama. Sharifa aliishika, akaiinua kwa mkono mmoja kweli.

"Panda," alisema Mathayo.

Akapitisha mguu. Bomba likamgusa, na visigino vikainuka. Alisimama kwa vidole vya miguu. Mathayo akakunja uso, akainama kutazama, akatazama chaki yake kwenye bati, akatazama tena.

"Nilipima," alisema. "Shubiri tatu na vidole vinne. Nilipima mara mbili palepale Dar."

"Kiti kinashuka?"

"Kiti kinashuka, bomba halishuki. Iache, mama. Hii haikufai."

Siku nyingine Sharifa angeiacha. Lakini juzi yake lori la samaki lilikuwa limesimama, na dereva alisema Bi Mwanahamisi hatoki tena barazani. Anakaa ndani, anaongea kidogo. Safari nyingine ya fundi kwenda Dar ilikuwa baada ya miezi miwili, na masika yalikuwa yakikaribia, barabara ya huko ingekatika.

"Nitaizoea," alisema.

"Baiskeli haizoeleki."

"Fundi, nimesema nitaizoea."

Mathayo, ambaye hakuwahi kumwachia mtu kitu kisichomfaa, akashindwa kumnyang'anya.

Aliondoka Alhamisi, na mpaka karibu na Madimba alijiona ana mabawa. Barabara ilikuwa nyekundu, ngumu, upepo wa nyuma. Aliendesha akiwa amejinyoosha juu ya usukani ule wa mbali, mabega yanamuuma, lakini alikuwa anakwenda, na kila mti uliopita ulikuwa mti mmoja pungufu. Kwenye kona lori la mizigo likatokea mbele. Akakamata breki, vidole vilifika kwa ncha tu. Baiskeli ikapungua mwendo, ikainama, na Sharifa akateremsha mguu wa kushoto kutafuta ardhi. Ardhi haikuwepo pale mguu ulipotarajia. Ilikuwa chini zaidi kwa urefu wa kiganja, na katika urefu ule wa kiganja alianguka, bomba likimpiga, kifundo cha mkono kikiwa chini yake.

Wanaume waliokuwa wakipakia mihogo kando ya njia walicheka kwanza, kisha wakaja mbio. Mmoja alimfunga mkono kwa shuka yake. Mwingine aliinua baiskeli, akaipima kwa macho.

"Mama, hii ya mumeo?"

"Yangu."

"Yako vipi, na wewe uko huko chini?"

Alikaa kando ya barabara akitazama upande wa Msimbati, na chozi lililomtoka halikuwa la mkono. Alirudishwa mjini juu ya magunia ya mihogo.

Jafari aliipeleka baiskeli kwa fundi mwenyewe, Sharifa akifuata nyuma na bandeji. Jafari alikuwa amejiandaa kwa maneno makali tangu nyumbani, lakini Magreth alitangulia. Alitoka jikoni, akaona mkono wa Sharifa, akaiendea baiskeli. Akaanza kupima kutoka chini mpaka kwenye bomba. Moja. Mbili. Tatu. Vidole vinne. Mkono wake ukaishia hewani, na bomba lilikuwa bado juu.

"Mathayo," alisema, "wewe ulipima kwa mkono wa nani?"

"Wangu. Nina mwingine?"

"Lete."

Akampokonya bisibisi, akaubana mkono wa mumewe kwenye wake, kiganja kwa kiganja. Vidole vyake viliishia kwenye pingili za juu za vidole vya Mathayo. Fundi alikuwa na mikono mirefu ya kufikia mahali spana hazifiki. Wote wanne walitazama mikono ile miwili. Miaka yote Mathayo alikuwa amepima kwa shubiri yake mwenyewe, kwa watu aliowapima mwenyewe, na hakuna aliyepungukiwa. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mteja kupimwa na mwingine, kwa sababu ya heshima, na hakuna aliyefikiri kwamba shubiri nazo zina mwenyewe.

Maneno makali ya Jafari yakamwishia mdomoni. "Sasa?" aliuliza tu.

"Nitairudisha," alisema Mathayo. "Kosa langu. Nitatafuta nyingine masika yakiisha. Mama Zawadi anipe kamba ya kipimo chake—"

"Kamba itapima mguu," alisema Sharifa. "Na vidole vya breki? Na mgongo? Kamba itajuaje usukani uko mbali?" Alimtazama Magreth, ambaye alimzidi kimo kwa vidole viwili tu. "Mkono ulionipima ndio uende."

"Mimi?" Magreth alishika kifua. "Dar?"

"Nani atapika hapa?" aliuliza Mathayo.

"Utapika wewe," alisema Magreth, "si una shubiri kubwa."

Masika yalinyesha kama hayataki kuisha. Sharifa alikwenda Msimbati mara moja kwa lori, amekaa juu ya matenga matupu, akakaa siku kumi na mbili kwa sababu lori halikurudi. Bi Mwanahamisi alikuwa amepungua. Alipomshika binti yake bega, Sharifa alihisi mifupa mitupu ya mkono ule.

"Umekuja na nini?"

"Na lori."

"Litarudi lini?"

"Sijui, mama."

"Na ukiondoka, utakuja lini?"

Alitaka kusema uongo, akashindwa. Alitoka nje akachota maji ambayo hayakuhitajika, akafagia uwanja uliokuwa umefagiliwa. Hamisi alimkuta anafagia akamwambia, "Dada, utafagia mpaka baharini." Siku alipopata gari la kurudi kwa mtoto na kazi, aliondoka akiwa na hakika kwamba anaondoka vibaya.

Magreth alikwenda Dar mwezi wa sita, peke yake, maana Mathayo alibaki bandani na wateja. Alirudi na basi la asubuhi, amevimba miguu kwa safari, na juu ya basi kulikuwa na baiskeli moja tu. Rangi yake ilikuwa ya waridi iliyopauka. Kwenye bomba kulikuwa na picha za paka zilizobandikwa na mtoto fulani wa mbali, na kengele yake ilikuwa na umbo la ua.

Jafari aliitazama muda mrefu. "Ya mtoto hii."

"Ya mtoto mkubwa," alisema Magreth. "Sikiliza, Baba Zawadi. Nimekalia baiskeli kama thelathini kwenye lile godauni. Wauzaji walidhani nina wazimu. Mmoja aliniuliza kama nimekuja kununua au kupumzika. Kila iliyonitosha mimi niliiacha. Nilikuwa natafuta itakayonibana. Hii ilinibana kila mahali." Akamgeukia Sharifa. "Shika breki."

Sharifa alishika. Vidole vilizunguka chuma na kubaki.

"Panda."

Akapitisha mguu, akasimama. Nyayo zote mbili zilikuwa chini, bapa, kama mtu aliyesimama kwenye sala. Kati yake na bomba palikuwa na nafasi. Mathayo aliinama kutazama, akainua vidole viwili hewani bila kuvisogeza karibu, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Bandarini watasema mkeo anaendesha baiskeli ya paka," Sharifa alimwambia mumewe.

"Nitawaambia mwenyewe kabla hawajaanza," alisema Jafari.

Alimkatia suruali yake ya zamani avae chini ya gauni, akaibana miguuni kwa mpira wa tyubu ili isiliwe na cheni. Alhamisi ya kwanza Sharifa aliondoka baada ya sala ya alfajiri, ushungi umepigwa pini pande tatu. Hakuwa na upepo wa nyuma safari hii, na hakujiona ana mabawa. Alijiona amekaa. Mgongo haukumuuma, mikono ilikuwa imekunjika vizuri, na kila aliposimama kwa ajili ya ng'ombe au lori aliteremsha mguu ukakuta ardhi iko pale pale.

Karibu na Madimba wale wapakia mihogo walimtambua.

"Mama! Leo unaangukia wapi?"

"Leo sina nafasi," aliwajibu bila kupunguza mwendo.

Mchangani alishuka akasukuma, na ilikuwa nyepesi kusukuma. Saa nne na nusu alikuwa uwanjani kwa mama yake. Bi Mwanahamisi alisikia kengele, akauliza kutoka ndani, "Nani kakuleta?"

"Nimejileta."

Kikasikika kicheko kilichogeuka kikohozi. "Na utarudi lini?"

"Jumamosi. Nitakuja tena Alhamisi ya wiki ya pili."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu aolewe mjini kumtajia mama yake siku.

Miaka miwili alikwenda hivyo. Wenzake wa korosho walimwekea kazi yake ya Alhamisi na Ijumaa, akailipa Jumatatu kwa kubangua mara mbili. Zawadi alilala kwa Magreth siku hizo, akajifunza nyimbo za kwaya, na Jafari akasema si neno, mradi asizilete kwenye chuo cha Kurani. Wapo waliosema mwanamke wa Kiislamu kupanda baiskeli umbali huo ni kujidhalilisha. Sharifa aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaomba wamwonyeshe gari. Alivunja spoku, akabadilisha tairi mara nne, aliwahi kulowa mpaka mifupani. Wala utulivu haukuja kama alivyodhani ungekuja. Kila alipoiacha Msimbati nyuma alihisi kitu kinamvuta kisogoni, na alipokuwa Msimbati alisikia lori likinguruma akatoka kutazama, kwa mazoea tu. Lakini alikuwa anakwenda na kurudi, na mama yake alikuwa anahesabu siku kwa vidole na hesabu inatimia.

Mwaka 2005 magari ya watu wa gesi yalianza kupita njia ile kwenda Mnazi Bay. Dereva wa mojawapo ndiye aliyegonga mlango Rahaleo, Jumatano saa mbili na nusu asubuhi, kofia mkononi. Alikuwa ametumwa na Hamisi. Bi Mwanahamisi alikuwa ameswali alfajiri akiwa ameketi, akalala ubavu wa kulia, akaenda kwa Mola wake. Mungu amrehemu. Janaza lingekuwa baada ya alasiri.

"Unarudi Msimbati sasa hivi?" aliuliza Sharifa.

"Narudi jioni, mama. Nakwenda uwanja wa ndege kupokea wageni. Nisamehe."

Jafari alikuwa zamu. Sharifa alisema inna lillahi, akavaa, akamwagiza jirani kwa mumewe na mtoto, akatoa baiskeli. Haikuwa Alhamisi na hakuwa amejiandaa. Tairi la nyuma lilitaka upepo, akapita kwa Mathayo. Mathayo alimtazama usoni, akachukua pampu. Alijaza, akabonyeza, akasema, "Nenda mama. Pole. Nenda."

Safari ile hakuikumbuka kwa mpangilio. Siku hiyo magari yote yalikuwa yanakuja mjini, yakimwachia vumbi. Alipiga hesabu na kuivuruga: saa tano Madimba, hapana, kabla. Wakimwosha saa nne, basi ameshachelewa na anaendesha bure. Wakingoja, watangoja mpaka lini? Wazee watasema maiti asicheleweshwe, na watakuwa wamesema kweli. Alijaribu kusoma Yasini, akajikuta anarudia aya moja kwa mdundo wa pedeli. Kwenye kona ileile alipoanguka alipishana na lori, akaweka mguu chini, akaondoka tena, wala hakukumbuka kwamba ilikuwa kona ile. Mchangani hakusukuma, aliiinua begani akatembea kwa kasi, kisha akakimbia, gauni limejaa jasho.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha alipoingia uwanjani. Wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye mikeka. Hamisi alisimama, macho mekundu, akaupokea usukani.

"Bado," alisema. "Nimewaambia wakungoje mpaka adhuhuri ipite. Mzee mmoja amegomba. Nikamwambia dada yangu yuko njiani na ana baiskeli. Ingia."

Ndani, nyuma ya mashuka, Bi Hadija mwoshaji alikuwa amekaa na ndoo zake, jirani mmoja wa kumsaidia pembeni, majani ya mkunazi na karafuu maiti tayari kwenye bakuli. Alimtazama Sharifa kuanzia vumbi la ushungi mpaka miguuni.

"Kaa kwanza upumue, mwanangu."

"Nikikaa sitasimama, bibi. Nitawadhe wapi?"

Akatawadha. Akaufunua uso wa mama yake na kuutazama kadiri alivyotaka, na hakuna aliyemharakisha. Ulikuwa uso wa mtu aliyemaliza sala. Halafu Bi Hadija akamwekea kata mkononi, akamwonyesha pa kuanzia.

"Bismillahi. Upande wa kulia. Taratibu, maji yasimwagike kwa nguvu."

Mikono ya Sharifa ilikuwa imeungua kwa mafuta ya korosho, ngozi ya vidole imetoka vipande, naye aliogopa itamkwaruza. Akamimina. Akapitisha kiganja chini ya shuka, begani, kwenye mkono ambao ulikuwa umemshika miaka miwili nyuma, akaupitisha polepole, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akifanya jambo bila kufikiria linalofuata. Wakamgeuza. Wakamwosha mara tatu, ya mwisho kwa karafuu maiti. Sharifa alimfuta, akamchana nywele, na wakamvika sanda wakiwa watatu.

Baada ya alasiri wanaume walilibeba jeneza. Wanawake walibaki uwanjani. Sharifa alisimama mlangoni akiisikiliza la ilaha illallah ikienda kwa upande wa makaburi, ikipungua, mpaka ikawa haisikiki. Hakuna aliyemwambia akae. Akakaa mwenyewe kwenye mkeka, katikati, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha.

"Naomba maji," alimwambia Bi Hadija. "Sijanywa tangu Rahaleo."